Likizo ya Kuzalisha Ng'ombe

Ndani ya hiace ya Rubwera, Nadhira mwenye duka alimuuliza binti wa kidato cha tano aliyekaa kando yake likizo anafanya nini.

"Namsaidia bwana mifugo, mama. Asubuhi hii ndama alikwama, nikaingiza mkono mpaka hapa." Akagusa bega. Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nikaacha kutafuna karanga, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Yarabi! Wenzako wanasoma kompyuta, wewe uko ndani ya ng'ombe?"

"Baba naye anataka nisome kompyuta. Lakini chuoni nitasomea udaktari wa mifugo."

"Si umwambie!"

"Nitaanzia wapi? Anajua niko kwa shangazi, nasoma."

Gari likasimama. Baba yake binti alikuwa mlangoni, amekuja kumpokea, anatabasamu. Nadhira akamnong'oneza binti: "Mwanangu, kiatu chako kina damu."