Lameck Reginald Chitanda, Fundi Aliyepanda Newala na Maji Yake (1949–2004)

Ndugu zetu mliofika hapa Lisekese, anayewasomea ni Mabel, mdogo wake marehemu. Ukoo umenipa kazi hii kwa sababu, wanavyosema, mimi silii ovyo. Tutaona.

Kaka yetu Lameck alizaliwa hapa hapa Lisekese tarehe 3 Mei 1949, mtoto wa pili wa Mwalimu Reginald Chitanda na mama yetu Getrude. Alibatizwa mwezi uliofuata, na mama alipenda kusema kwamba hata padri alipommwagia maji hakushtuka.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Siku moja mwalimu wa michezo alimpa majivu achore mistari ya uwanja wa mpira. Wenzake walikuwa wakiyamwaga kwa kukadiria tu. Yeye alifunga uzi kwenye vijiti viwili, akauvuta ukakaza, akapiga magoti. Mechi ilichelewa saa nzima na baba aliona aibu mbele ya wageni. Lakini mistari ilinyooka, na tangu siku hiyo uzi haukutoka mfukoni mwa kaka.

Mwaka 1970 aliajiriwa Masasi katika karakana ya ushirika, akiandika namba na majina kwa brashi kwenye milango ya malori. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja, hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1991. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, watu binafsi wananunua pikapu na mabasi yao, na kila mwenye gari alitaka mistari ya stika ubavuni. Maandishi ya brashi yakaonekana ya kizamani. Kaka alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili na ufundi ambao hakuna aliyeuhitaji tena.

Hapo ndipo wifi yangu Sabina, binti Alfredi, aliyefunga naye ndoa tarehe 12 Oktoba 1974, alipopata mtihani wake. Kaka aliamua kuhamia kwenye stika, lakini zilizoletwa kutoka Dar es Salaam zilikuwa za kila namna, na kaka hakutaka kuamini maneno ya wauzaji. Alikata kipande kutoka kila jora, akavibandika vyote juu ya bati la nyumba yao pale Mkomaindo, Masasi, akaandika tarehe pembeni ya kila kimoja.

"Baba Flora," wifi akamwambia, "watu wanauliza kama nyumba inauzwa."

"Ngoja mvua zipite, Mama Flora."

Zikapita, na jua nalo likapita. Zile stika nene zinazong'aa, ambazo sisi sote tulizipenda, zilisinyaa na kupasuka. Iliyobaki imeshika ilikuwa nyembamba, laini, isiyovutia macho. Akaichagua hiyo.

Agosti 1993 aliitwa Newala na ndugu Mohamedi, aliyekuwa amenunua pikapu nyeupe. Huyu ndiye mteja wake wa kwanza kule juu, na kaka alijua kwamba akiharibu gari hilo, Newala nzima haitamwita tena. Stika hubandikwa juu ya bodi iliyooshwa na kuloweshwa maji ya sabuni, ili iteleze mpaka inyooke, kisha maji na hewa visukumwe nje. Kaka akamsalimia Bibi Somoe, mama mzazi wa Mohamedi, akaomba ndoo moja.

"Maji haya nimeyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa changu, mwanangu," bibi akasema. "Tunywe, au tuogeshe gari?"

Kaka alilelewa vizuri, na siku hiyo malezi yakamponza. Aliona haya kusisitiza. Alifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akabandika hivyo hivyo. Wiki haikuisha, mistari ikaota malengelenge, na Mohamedi akateremka nayo Masasi siku ya soko, mmoja ukiburuzika barabarani.

"Fundi," akasema mbele ya stendi nzima, "nimesafiri na mistari yako. Mimi ndani, yenyewe nje."

Watu walicheka sana, na mimi nilikuwepo, nikacheka. Nisamehewe. Kaka angeweza kusingizia maji. Alisema tu, "Kosa ni langu. Nakuja."

Keshokutwa yake alipanda Newala na madumu mawili aliyoyajaza Mkomaindo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umerudi na karatasi zako?"

"Nimerudi na maji yangu, bibi."

Aliosha bodi, akafuta mafuta kwa spiriti, akavuta uzi wake wa shule, akalowesha, akatelezesha mstari mpaka ukalala juu ya uzi. Kisha akasukuma maji nje kwa kipande cha ndala, kuanzia katikati kwenda pembeni, bila haraka. Alitumia nusu dumu. Mengine yote aliyamimina kwenye mtungi wa Bibi Somoe. Tangu hapo magari ya Newala yalikuwa yake, na hakupanda hata mara moja bila madumu.

Machi 2003 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Alijifundisha kukata kwa mkono wa kushoto, na Januari mwaka huu alibandika mistari ya gari la padri. Nendeni mkaitazame, haijapinda. Kiharusi cha pili kilimchukua Jumamosi tarehe 14 Agosti 2004, hospitalini Mkomaindo, mkewe akiwa amemshika.

Ameacha mjane, Sabina, watoto watatu, Flora, Gervas na Julia, wajukuu wanne, na mimi.

Pikapu iliyoegeshwa pale chini ya kanisa ni ya Mohamedi. Imepigwa na jua na vumbi miaka kumi na mmoja, rangi imefifia, lakini mistari bado imeshika pale pale alipoiweka. Imeteremka asubuhi hii na madumu sita ya maji, kiangazi hiki, kutoka kule kule maji yanakopandishwa kwa kichwa. Bibi Somoe hawezi tena kusafiri. Ametuma neno: "Mwambieni fundi, leo sisi ndio tumekuja na maji yetu."

Tukishamfukia, sote tutanawa mikono kwa maji hayo.

Walisema silii ovyo. Mungu aupokee mkono wa kaka yetu, na aupumzishe.