Vumilia Amechelewa Nusu Hatua

Kijiwe cha Zahoro si mahali pa mtu anayetafuta utulivu. Ni benchi moja refu hapa Lushoto mjini, karibu na soko, na Zahoro na birika lake la kahawa upande mmoja. Mbele ya benchi kuna kioo cha duka la Kristian la redio na runinga. Kristian ana tabia ya kuacha runinga kubwa kuliko zote imewashwa, imetazama barabarani, kisha anafunga mlango na kwenda Shume kuangalia karoti zake. Nyuma ya benchi kuna ukuta wa ukumbi wa usharika wa kanisa, na humo kila Jumamosi alasiri kikundi cha tarumbeta hufanya mazoezi kwa nguvu zote walizojaliwa. Watu wa kijiwe wameyazoea hayo matarumbeta mpaka hawajui tena kama yapo.

Jumamosi hiyo Eliya fundi seremala alikuwa na jambo zito. Binti yake Vumilia alikuwa ameingia tatu bora katika shindano la kucheza la runinga, Cheza Tukuone, huko Dar es Salaam. Siku alipoaga kwenda kushindana, Eliya alinuna, na akanuna mwezi mzima, simu hapigi na ikipigwa hapokei. Leo mtoto amecheza nusu fainali, na kabla jasho halijamkauka ameandika ujumbe: “Baba, umeniona? Kesho fainali. Nicheze vilevile au nibadilishe? Mwalimu wetu wa kucheza anataka jibu saa kumi na moja.” Mtu uliyemnunia mwezi mzima akikuuliza wewe kwanza, humjibu hovyo. Tatizo ni kwamba Eliya hakuona kitu. Vumilia aliingia akicheka, baba mtu macho yakamjaa maji, na kuanzia hapo kioo chote kikawa ukungu. Hilo hakumwambia mtu. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini.

— Nataka ukweli, alisema Eliya. Msinipambe. Mtoto kachezaje?

— Kachelewa, alisema Dotto.

Dotto anaitwa VAR. Hakubali jambo mpaka lirudiwe, na likirudiwa bado hakubali.

— Kachelewa nini?

— Mguu, bwana. Ngoma inasema du, yeye bado yuko hewani. Nusu hatua. Nimemhesabia mwanzo mpaka mwisho. Yule Hamisi wa Muheza ndiye mchezaji! Ngoma du, mguu chini. Tarumbeta likipanda, mkono nao juu. Hakukosea hata mara moja.

— Na wamemtoa, alisema Zahoro.

— Wamemtoa! Yule jaji mwenye miwani kafunika uso kabisa. Nikamwambia hapahapa nilipokaa, we baba, una masikio kweli?

Dotto alisimama na mabuti yake ya shambani, akacheza kama Hamisi, kisha akacheza kama Vumilia. Kwa kweli alicheza mara mbili kama Dotto. Lakini Eliya aliitazama ile miguu kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma cheti.

— Nusu hatua ni nyingi? aliuliza.

— Nusu hatua kwenye fainali? Ni kama kutoka hapa mpaka Irente.

— Mtoto hakuchelewa, alisema Anord. Iliyochelewa ni picha.

Huyu ni Anord Mita. Alisoma mita za maji miaka kumi na minane, na tangu astaafu anapima kila kitu kilichobaki.

— Picha inatoka Dar, inakuja tambarare mpaka Mombo, haina taabu. Pale Mombo inaanza kupanda. Kona mnazijua. Sasa sauti ni nyepesi, inakatiza msituni. Picha ni nzito. Ina watu ndani, ina mataa, ina meza ya majaji. Hiyo lazima ifuate barabara.

— Basi mbona ya Hamisi haikuchelewa? aliuliza Dotto.

Anord alikunywa kwanza kahawa.

— Hamisi mwembamba.

Zahoro alicheka mpaka akamwaga kahawa nje ya kikombe. Eliya hakucheka. Alitazama saa: kumi na nusu.

— Acheni upuuzi wa kiume, alisema Paskalina. Shida ni mlima.

Paskalina anauza plamsi na mapeasi kwenye tenga pembeni ya benchi. Kahawa hanywi, ila mabishano hayampiti.

— Sisi tumezaliwa mteremkoni, tumelima mteremkoni. Mguu mmoja umezoea kukunjwa, mwingine umezoea kunyooshwa. Mtoto wa namna hiyo ukimweka kwenye sakafu bapa, mguu mmoja unafika, mwingine bado unaitafuta ardhi. Mimi nikishuka Tanga natembea kama mlevi, na pombe sijawahi kuonja.

Kijiwe kizima kiligeuka kumtazama. Haya sasa yalikuwa maneno.

— Ngoja, alisema Dotto. Uliochelewa ni mguu wa kushoto. Eliya, njia ya shambani kwako, mlima uko upande gani?

— Kushoto, alisema Eliya.

— Imekwisha hiyo!

— Na akirudi je? aliuliza Zahoro. Akirudi si mlima unakuwa kulia?

— Akirudi ana mzigo kichwani, alijibu Dotto. Ya mzigo haihesabiwi.

Eliya aliinamisha kichwa. Ni yeye aliyekuwa akimtuma Vumilia shambani kila siku, na njia ni hiyohiyo moja. Kwa hiyo mwezi mzima amemnunia mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempinda miguu! Alinung’unika kitu kwa Kishambaa ambacho Paskalina alikisikia na hakukirudia. Kisha akachomoa penseli sikioni, maana seremala hata akiwa na huzuni huanza na vipimo.

— Nikimwekea kibao chembamba ndani ya kiatu?

— Sentimita moja na nusu, alisema Anord bila kufikiri.

— Mbao haitawahi, alisema Eliya. Fainali ni kesho.

— Basi kadibodi, alisema Paskalina. Aikunje mara nne.

— Na aanze nusu hatua kabla ya ngoma, alisema Dotto. Kadibodi inyanyue mguu, yeye awahi, vikutane katikati. Wale wenzake watashangaa tu.

— Ukumbi nao uinamishwe kidogo, aliongeza Anord. Waombe. Kuomba si kosa.

Eliya alikuwa anaandika yote kwenye kipande cha msasa: kadibodi, kushoto, mara nne, awahi, wainamishe ukumbi. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Alitoa simu, akatafuta jina la Vumilia, na kidole kikawa tayari juu yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia wote, hata Dotto, ambaye bado alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Alikuwa mwalimu Mwanamwema, ametoka Tanga Jumatatu kuja kufundisha, bado anashangaa baridi. Aliomba kahawa. Alipouliza kwa nini wamekaa kama walio msibani, walimweleza kwa pamoja: binti wa huyu mzee, shindano, mguu wa kushoto, mlima, kadibodi. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Alitazama runinga nyuma ya kioo. Kisha akaugeukia ukuta.

— Samahani, baba. Alikuwa anacheza wimbo gani?

— Wimbo ule, alisema Dotto.

— Upi?

— Ule! Ule wa... Anord, wimbo gani ule?

— Mimi niliusikia vizuri sana, alisema Anord. Alifumba macho, akanyanyua kidole, akaanza kuvumisha puani: — Puum, puum, papa-puum.

— Huo tunauimba kesho, ibada ya pili, alisema Paskalina. Sisi wa sauti ya pili unatutesa kwel...

Hakumaliza. Nyuma ya ukuta matarumbeta yalikuwa yamekata ghafla, labda wanafuta vinywa. Kijiwe kikawa kimya namna ambayo Zahoro hakuikumbuka tangu aanze kuuza kahawa pale. Ndani ya kioo walikuwa wanarudia mchezo wa Vumilia. Aliruka, akatua, akazunguka, mabega yakacheza, na mdomo wa mtangazaji ukafunguka na kufungwa, bila sauti hata kidogo. Dotto alinyanyua mkono ili ahesabu. Aliuacha hewani, kisha akaurudisha taratibu mfukoni.

— Zahoro, alisema Anord kwa sauti ndogo, hii tivii imekuwa bubu lini?

Zahoro alijitia kupuliza mkaa.

— Mimi nimeuliza tu, alisema mwalimu.

Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na saba, na Eliya alikuwa na kipande cha msasa mkono mmoja, simu mkono mwingine, na hana jibu hata moja la kumpa mwanawe. Aliona aibu kweli. Hata hivyo alipiga.

— Shikamoo, baba.

Mwezi mzima hajaisikia sauti hiyo.

— Marahaba, mama.

— Umeniona? Niambie haraka, mwalimu amesimama hapa. Nicheze vilevile au nibadilishe?

Dotto alimwonyesha mguu wa kushoto. Paskalina alimpiga Dotto kwa kanga.

— Mama, huo wimbo wenyewe ni upi?

— Kwani hukuusikia?

— Sikuusikia. Nilikuona tu.

Anord alisogea kutazama kama mtandao bado upo.

— Na ulivyoniona, baba?

— Uliingia unacheka. Basi macho yakajaa maji, sikuona kingine. Miguu sijaiona, usiniulize miguu. Mama, mimi nilikosea kukununia.

— Basi sibadilishi, alisema Vumilia. Sauti yake ilikuwa imelowa na inacheka kwa pamoja. Akamwambia mtu wa pembeni yake: — Sibadilishi!

— Sasa niimbie kidogo, alisema Eliya. Huo wimbo. Niujue.

— Weka sauti kubwa na sisi tusikie! alisema Dotto.

— Weka spika, Eliya, tupime, alisema Anord.

Hata mwalimu alikuwa amesogea karibu. Lakini Eliya aliwapa mgongo wote, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Baada ya kitambo kichwa chake kilianza kwenda, juu na chini, taratibu, na pale benchini hakuna aliyejua kinafuata mdundo gani.