Uweso na Barua ya Klabu

Kijiwe chetu cha Mabawa kina ubao mmoja mrefu, kahawa ya Mzee Haji, na watu wasiokosa la kusema. Yupo Msafiri tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Yupo Laurenti, yaani Koplo, aliyepigana vita vikuu kule Bama, na mpaka leo, mwaka wa hamsini na saba, bado anatuamrisha. Na yupo Uweso, tunayemwita Kimya. Miaka tisa alishika maktaba ya klabu ya mameneja wa mkonge, peke yake. Huu mwezi wa tatu anapanga marobota ya katani godauni.

Alasiri hiyo Redio alishikilia kuwa mtu haachi kazi ya kivulini akaenda kubeba katani ila karogwa. Koplo akabisha: Uweso kasoma kitabu chenye siri za serikali. Redio, asiyekubali kushindwa, akaleta jini wa Kizungu anayelala rafu ya juu na hataki mtu mweusi ampanguse vumbi. Tukacheka. Nami nilicheka, na leo naona haya.

Uweso akatua kikombe.

— Sikurogwa. Mameneja waliniletea mama mmoja wa Kizungu kutoka kwao, nikaambiwa nimfundishe kazi. Nilimfundisha miezi miwili. Alipoijua, wakampa meza yangu, mimi wakanipa ufagio. Nikaondoka.

Akatoa barua mfukoni. Sasa klabu inamwita arudi, akasema, na kesho saa mbili asubuhi awe amefika au basi. Vitabu yeye alivipanga kwa kuwajua wasomaji: vya yule bwana mwenye mguu mbovu viliwekwa usawa wa mkono, asiiname. Yule mama kavipanga upya kwa herufi, na wazee wa klabu wananung'unika kila jioni.

Redio akasema arudi, kisha avichanganye vyote usiku mmoja ahame mji. Koplo akataka Malkia aandikiwe, na nakala iende kwa jeshi.

— Nataka kurudi, alisema Uweso. Msinicheke. Navipenda vile vitabu.

Hapo hatukucheka. Mwisho wa ubao alikaa mgeni, Ernesti, kijana wa Amani, kule milimani, aliyeshuka kumtazama dada yake. Alikuwa kamwamkia Mzee Haji shikamoo, akapewa kikombe. Akamwomba Uweso, kwa adabu, amweleze barua inasemaje.

— Inasema nirudie kazi yangu ileile. Msaidizi wa maktaba.

— Ndivyo ulivyoandikwa tangu mwanzo, kaka?

— Miaka yote tisa.

— Na kabla ya huyo mama kuja, mlikuwa wangapi?

— Mimi tu.

— Sasa ulikuwa ukimsaidia nani?

Mimi niliona uchungu, kwa kuwa miaka tisa nimekaa na mtu huyu na sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Uweso akaisoma barua tena, polepole mpaka chini kwenye sahihi, huenda jina la huyo wa kusaidiwa limeandikwa mahali. Akaikunja. Akamlipa Mzee Haji kahawa ya Ernesti na yake, akaaga.

Kesho yake saa mbili nilipita godauni kwa makusudi. Nilimkuta anapokea robota la kwanza.