Bustani ya Mvua ya Thelma

Basi la Seattle lilikuwa likipasua mvua. Mzee mmoja akayatazama mabuti yenye matope ya mama aliyekaa naye, akamuuliza, "Mama, umetoka kuzika?"

"Nimechimba bustani ya mvua," akajibu mama huyo, Thelma. "Maji ya barabarani yanaingia shimoni, udongo unayachuja kabla hayajafika mtoni. Vumbi la matairi lililomo linaua samaki wale, samoni."

"Umefuga mbu tu."

"Maji yanakauka kwa siku moja, mzee wangu. Mbu gani ana haraka hivyo?"

Mimi, niliyekaa nyuma yao, nikacheka, mzee akanitazama kama msaliti.

"Na kashimo kamoja kataokoa mto?"

"Juzi niliokota samoni jike amekufa, tumbo limejaa mayai. Ningekaa tu?"

"Nimeendesha lori miaka thelathini, nimemaliza matairi mengi," akasema mzee polepole.

Basi likasimama. "Basi shika sepetu," akasema Thelma, akishuka.

"Na mgongo huu?" akauliza mzee, lakini mlango ulishafungwa.