Flaiwili ya Nukta Mbili

Pale Kondele, nyuma ya stendi ya bodaboda, kuna benchi ambalo miguu yake ni flaiwili zilizozeeka, zimepangwa nne huku na nne kule. Asiyejua flaiwili aambiwe: ni ile sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini, klachi ikaibana, gari likapata nguvu ya kuondoka. Anayekaa benchi hilo hakosi jina la kupachikwa. Wasike, fundi wa magari, ni Daktari. Ajwang, karani mstaafu, ni Profesa, kwa kuwa anajua kila kitu isipokuwa kile anachoulizwa. Hiram, muuza spea aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana na hajarudi, ni Mpya, maana kwake kila kilichoharibika dawa yake ni kununua kingine. Na ule mwisho wa benchi ulio karibu na birika la Aoko muuza kahawa ulikuwa wa Odongo, mchonga vyuma kwa mashine ya leti, jina lake Chonga. Miaka kumi na minne Mpya na Chonga walibishana hapo, mmoja akisema nunua, mwenzake akisema leta niichonge, na watu wakaja kunywa kahawa ili wawasikilize. Odongo alishikwa na kifua Jumapili, Jumanne akaaga dunia. Alhamisi ya wiki iliyofuata mahali pake palikuwa wazi bado, na kila mmoja alijibana upande wa pili kana kwamba benchi limepungua.

Wasike alikuja na gunia, ndani yake mna chuma. Akalitua chini mbele yao na kujifuta jasho.

— Wazee, mgonjwa ndiyo huyu. Flaiwili ya pickup ya Gordon. Klachi iliungua yote, imekuwa jivu. Klachi mpya nishachukua kwa Mpya. Sasa hii nayo, tunabadilisha ama tunachonga?

Swali hilo liliulizwa pale kila wiki, na kila wiki lilikuwa mchezo. Siku hiyo halikuwa mchezo. Kesho yake alfajiri pickup hiyo ndiyo ingemtoa Odongo mochari na kumpeleka kwao Port Victoria, na kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa. Gordon mwenye gari alikuwa amesimama, hakutaka kukaa. Wiki nzima alikuwa amebeba hema, viti na magunia ya mchele ya matanga, mguu wake haukutoka kwenye klachi, na jana yake, akipanda kutoka Kisian kwenda Maseno, gari lilinguruma bila kusonga mpaka moshi ukatoka chini.

— Si ukodishe gari ingine, omera, ndugu yangu? Ajwang akamwambia. Gari ni gari.

— Siwezi, Gordon akasema. Alinishika mkono hapa hapa, nyinyi wote mkiona. Akasema, Gordon, mimi nikifa nibebwe na hiyo pickup yako, nijue kama kazi yangu inashika. Mlicheka. Hata mimi nilicheka.

Aoko alimimina kahawa, akahesabu vikombe kwa macho, akakirudisha kimoja chini ya meza.

— Basi Mpya, Wasike akasema. Wewe ndiye mwenye mambo ya kununua. Iko kwa duka ama haiko?

— Iko, Hiram akajibu.

— Ya hii model?

— Ya hii hii. Iko kwa karatasi yake.

— Leta basi tufunge. Nishushe hiyo giaboksi mara mbili ndiyo mfurahi?

Hiram aliitazama ile flaiwili. Kwa siku za kawaida angekuwa ameshasimama, amefungua duka, anaimba. Lakini alijua kwamba akisema mpya, hakuna atakayemrukia. Hakuna atakayemwita mwizi wa Nyeri anayetaka kuwauzia watu hata hewa ya tairi. Neno lake lingeanguka chini likae hapo, na Odongo angekuwa amekufa kweli. Hilo Hiram hakuwa tayari nalo. Akajisikia anasema:

— Chonga.

Wasike alishusha kikombe.

— Nani amesema hiyo?

— Mimi. Chonga. Chuma nzuri hivyo unaitupa ya nini?

— Haki ya Mungu, Ajwang akasema. Mpya amegeuka. Ndiyo maana wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Hiyo imeingia wapi hapa, Profesa?

— Imeingia. Wewe tulia itakupata baadaye.

Benchi lisilo na pande mbili si benchi, na Ajwang, aliyeuona upande wa Hiram umeachwa mtupu, akaona ni wajibu wake kuuchukua.

— Mimi nasema inunuliwe mpya. Ona hizo madoa ya bluu. Hiyo chuma imechomeka mpaka kwa roho. Ukiichonga utakuwa umemnyoa maiti.

Neno maiti lilipotoka Ajwang mwenyewe alitamani kulimeza. Alikunywa kahawa haraka, ikamchoma.

— Mos, akasema, kuomba radhi. Sikukusudia.

— Madoa ni ya juu tu, Hiram akaendelea, na sasa maneno hayakuwa yake, yalikuwa ya mtu mwingine, aliyajua kwa moyo kama sala. Unapitisha kisu cha leti mara moja, mara mbili, polepole, inakuwa kioo. Unajiona.

— Na hizi nyufa? Wasike akauliza. Mimi nikifunga klachi mpya na uso umeharibika hivi, itatetemeka, na pale Maseno itateleza tu tena. Na sanduku iko nyuma, na watu wanaimba.

— Nyufa ni nyembamba. Kucha haishiki. Odongo alikuwa anasema, kama kucha haishiki, kisu kitaitoa.

Hiram alichukua kitambaa cha Aoko bila kuomba, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya dukani, akasugua ukingo wa flaiwili mpaka grisi ikatoka. Pakaonekana nukta mbili zilizopigwa kwa panchi na nyundo, zimekaa karibu karibu. Wote walizijua. Kila alipochonga flaiwili, Odongo aliipiga nukta moja. Hakuna chuma alichokipiga zaidi ya tatu. Nukta ya tatu ilikuwa ya mwisho. Ikija tena baada ya hapo huwa nyembamba, ni hatari, alimwambia mteja nenda kwa yule mwizi wa Nyeri, na ile kuukuu akaisukuma chini ya benchi iwe mguu.

— Mnaona? Hiram akasema, akiziwekea kidole. Mbili. Bado moja. Yeye mwenyewe aliacha nafasi.

Gordon aliinama akaigusa.

— Hii ya pili alipiga mwaka juzi, akasema. Alinigombeza siku hiyo. Toa mguu kwa klachi, si mkeka wa kupumzikia. Nikamwambia sawa mzee. Sikutoa.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Ajwang akamwambia, na kwa mara ya kwanza methali yake ikapata mwenyewe. Gordon aliangalia pembeni.

— Wa leti wa town wanasemaje? Wasike akauliza.

— Nishaenda, Gordon akasema. Wana foleni mpaka Jumatatu.

— Town ya nini, Hiram akasema, naye alikuwa ameshatoa simu. Mashine si iko hapo kwake? Stima iko. Kilichokosa ni ufunguo.

Akampigia Selpha, mjane wa Odongo, kule Nyalenda.

— Shemeji, habari ya huko? ... Pole, pole sana. Shemeji, tunaomba ufunguo wa karakana. Kuna flaiwili ya kuchonga. Ndiyo ya safari.

Selpha akasema sawa, anakuja nao mwenyewe.

Walivyosubiri, mazungumzo yalipata miguu. Ajwang alisema tatizo si flaiwili wala klachi, tatizo ni Odongo hataki kwenda. Marehemu asiyetaka safari hujulikana kwa gari, alisema. Kule kwao Alego kuna lori lilizimika mara saba na jeneza ndani, mpaka mke mdogo akapanda nyuma akazungumza na mzee, akamwahidi ng'ombe wake hatauzwa, lori likawaka bila ufunguo.

— Bila ufunguo? Wasike akauliza.

— Bila dereva hata. Walilikimbilia.

— Profesa, wewe unaongea ukiwa umelala.

— Basi mwende bila klachi! Mnalisukuma hapa Kondele, linashika gia ya tatu, Gordon hasimami mpaka Port Victoria. Bamsi za barabarani anaruka. Askari akisimamisha, anampungia mkono. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Na pale Luanda sokoni, mbuzi na watu wote?

— Wataona ni matanga, watapisha.

Kicheko kilimtoka Aoko kwanza, kisha Wasike, hata Gordon akakaa chini. Hiram alicheka mpaka akajifuta macho. Kwa muda huo mfupi benchi lilikuwa benchi tena, alasiri kama alasiri zote, na yeye akajiona anasikiliza upande wa birika, akingoja sauti nyingine nzito ipande juu ya zote na kusema mmemaliza upuzi wenu, nileteeni chuma.

Bodaboda ilisimama. Selpha alishuka akiwa na leso kichwani, amevaa masweta mawili na jua lile. Walisimama wote. Alisalimia mmoja mmoja kwa mkono, Aoko akamshika kwa muda mrefu kuliko wengine. Alitazama mahali palipoachwa wazi, hakukaa. Kisha alifungua ncha ya leso ya kiunoni, akatoa ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu, akauweka juu ya flaiwili, palepale karibu na zile nukta.

— Ufunguo ndiyo huu, akasema. Mashine nimeacha vile aliacha, hata chai yake kwa kikombe sijamwaga. Sasa nani ataichonga?

Aliuliza bila ubaya. Alitaka tu kujua amfungulie nani.

Wasike alimwangalia Hiram. Hiram alimwangalia Gordon. Miaka kumi na minne walikuwa wamemwona Odongo akiiwasha ile mashine, wakasimama mlangoni na vikombe vyao, wakamwambia ongeza, punguza, hapo umekosea. Hakuna aliyewahi kuigusa. Waliomba ufunguo vile walivyouomba siku zote alipochelewa kufika, wakadhani ufunguo ukifika na yeye amefika.

Aoko aliinamisha birika. Ilitoka nusu ya kikombe, nyeusi, imejaa mashapo. Akaliweka chini.

— Kahawa imeisha, akasema.

Hiram alisimama. Alivuka barabara kwenda dukani kwake, akachelewa huko kuliko inavyomchukua mtu kushusha kitu rafuni. Aliporudi alikuwa ameikumbatia kifuani ile flaiwili mpya, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta, shati jeupe limechafuka. Alimpa Wasike mikononi.

— Funga hii. Gordon, na kesho mguu wako ukae mbali na klachi. Odongo atakuwa nyuma yako, anasikia.

— Itafika, Wasike akasema. Hii itafika, mzee.

— Na hii? Gordon akauliza, akiinyanyua ile kuukuu. Niweke chini ya benchi?

— Hapana. Haijaisha hiyo. Bado moja.

Hiram aliichukua mwenyewe, akamrudishia Selpha ufunguo, na flaiwili ya nukta mbili akailaza juu ya ubao, upande wa birika. Wasike alikuwa ameshaingia chini ya pickup, spana yake ikasikika.

Zamani, mteja alipokubali kununua mpya, Hiram alikuwa na ukelele wake. Alisimama katikati ya barabara akapaza sauti, "Moja kwa Mpya!" na Odongo akatema kahawa kwa hasira, akaapa hatakanyaga hapo tena, na kesho yake ndiye wa kwanza kufika. Sasa Hiram alikuwa amemshinda, mbele ya watu wote, kwa chuma cha gari la kumbeba Odongo mwenyewe. Aligeuka kule mwisho wa benchi.

— Moja kwa Mpya, akasema polepole, na akalia.