Winifred Entwistle na Tangazo la Siku Ishirini na Moja

Usiku ule wa Juni 1969, Bunge la London lilipokuwa likijadili mswada wa talaka, marehemu Winifred hakupanda kitandani. Alikaa jikoni, hapa Haslingden, akingoja habari za asubuhi redioni. Mimi, binti yake, nilikaa naye nikihofia moyo wake. Kabla hajafa aliniagiza nisilifiche leo jambo ambalo yeye alilificha miaka ishirini na saba: kwa miaka yote hiyo hakuwa mke wa ndoa wa baba yangu.

Alizaliwa Bacup tarehe 4 Machi 1918, mtoto wa tatu wa Albert na Annie Haslam. Alisoma shule ya kanisa hadi miaka kumi na minne, kisha akaingia kiwandani kufuma pamba, akisimamia mitambo sita. Kelele za mle zilimfundisha kusoma midomo ya watu, na hata kanisani alijua waliokaa ng'ambo wanamteta nani. Mara nyingi alihofu ni yeye.

Mwaka 1944 alianza kuishi na Cyril Entwistle, fundi wa kiwanda hicho, aliyekuwa ametengana na mkewe, Mabel, wa Preston. Mabel alikataa talaka, na sheria ya siku zile haikumruhusu aliyeondoka kuidai. Mama akavaa pete, akaitwa Bi. Entwistle. Kila barua ya serikali ilipoingia, aliigeuzageuza kabla ya kuifungua.

Serikali ya miaka ya sitini ilibadilisha mengi, lakini mswada wa talaka, ambao ungemruhusu aliyetengana miaka mitano kuidai hata mwenzake akikataa, haikuubeba yenyewe. Ilimpa mbunge mmoja muda wa kuuwasilisha, ikaacha kila mbunge apige kura kwa dhamiri yake.

"Wanaogopa majirani, kama sisi," baba alisema.

"Basi waogope upesi, Cyril," mama akamjibu. "Kifua chako hakingoji."

Vumbi la pamba lilikuwa limekwisha kumharibu mapafu. Angekufa mapema, angezikwa kama mume wa Mabel, na mama asingekuwa na neno kaburini.

Mswada ulipita Bungeni asubuhi ile ya Juni, na sheria ikaanza tarehe 1 Januari 1971. Talaka ilikamilika tarehe 2 Agosti, na kesho yake wakaandikisha nia ya kufunga ndoa. Hapo hofu ilizidi. Tangazo lilibandikwa ubaoni siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze, katika ofisi ileile watu wanapoandikisha vizazi na vifo. Siku ya tisa jirani yetu Hilda Pilling, mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani, alikwenda kuandikisha kifo cha shangazi yake. Alirudi moja kwa moja jikoni kwetu, kofia kichwani.

"Winnie! Miaka ishirini na sita nakunywa chai yako, kumbe mwenzangu bado mwali?"

"Punguza sauti, Hilda. Cyril amelala."

"Chama chetu kina kanuni: wake wa ndoa tu. Si wewe unayetusomea kila Januari?"

Akaondoka bila kuketi. Kuanzia hapo mama hakula vizuri, akiamini Hilda atakuja kuweka pingamizi.

Baba alifariki mwaka 1974. Mama aliendelea kufuma hadi 1978. Alipata kiharusi Septemba mwaka huu, na akafariki hospitalini Burnley alfajiri ya tarehe 9 Novemba 1988, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ametuacha mimi, Maureen, mkwewe Derek, wajukuu Janet na Stephen, na mdogo wake Edna.

Aliomba nimalizie na tarehe 25 Agosti 1971. Baba alipanda ngazi za ofisi akisimama kila hatua ya tatu. Mama akamsihi msajili afunge mlango.

"Haiwezekani, mama. Sheria inataka ndoa ifungwe mlango ukiwa wazi."

Akausukuma hadi ukutani. Nje, kwenye ujia, alisimama Bi. Hilda. Msajili akauliza kama kuna mwenye sababu ya kuizuia ndoa hii. Mama alinibana vidole hadi vikafa ganzi. Bi. Hilda akavuka kizingiti.

"Mpeni kiti huyo mwanamume," alisema, "ataanguka kabla hajajibu ndiyo."

Mungu ampe Winifred pumziko lisilo na hofu.