Nyama Isiingie Mlango Ule

FUNDI: Haloo? Naongea na nani?

PROFESA: Kaka, ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba siijui. Ongeza sauti, kuna mashine huku.

PROFESA: Siwezi kuongeza sauti. Ni mdogo wako.

FUNDI: Aa, Profesa. Umepata laini mpya? Maana ile digrii yako imeshindwa kukununulia hata vocha—

PROFESA: Kaka, sikiliza. Simu si yangu. Ni ya mgeni.

FUNDI: Mgeni gani?

PROFESA: Simjui. Amegonga sasa hivi. Mzee mrefu, shati jeupe. Kauliza, "Hapa ndipo kwa fundi wa breki?" Nikasema ndipo. Akavua viatu, akaingia, akakaa kwenye kiti chako. Nilipomwambia simu yangu haina salio, akanipa yake nikupigie. Niko jikoni.

FUNDI: Ana kovu kidevuni?

PROFESA: Analo.

FUNDI: Ni yule mzee wa mabasi.

PROFESA: Yule anayetafuta—

FUNDI: Fundi mkuu, ndiyo. Nilikwambia huyu hasomi barua za kuomba kazi. Anakufuata kwako bila taarifa, anakula chakula chako, anaangalia unavyoishi. Akitoka hapo ameshaamua. Umempa nini?

PROFESA: Maji.

FUNDI: Na chakula?

PROFESA: Dengu zinakaribia kuiva. Leo zimenikubali, Kaka. Kitunguu nimekikaanga hadi kikawa rangi ya kahawa, nikatia nyanya na tangawizi. Na biringanya nimeichoma juu ya makaa, ngozi imepasuka yenyewe, nakamulia ndimu na—

FUNDI: Dengu.

PROFESA: Na wali.

FUNDI: Mtu mwenye mabasi yake unataka kumpa dengu. Yule fundi wa sokoni alitembelewa wiki iliyopita, akamchinjia mbuzi. Mbuzi mzima. Subiri, usikate, navuka barabara.

PROFESA: Unakwenda wapi?

FUNDI: (honi, upepo kwenye simu) ...kilo mbili za paja, mzee wangu, toa mifupa. Haraka kidogo, nina mgeni.

PROFESA: Kaka, uko kwa muuza nyama?

FUNDI: Namtuma mtu wa pikipiki, itafika kabla wali haujapoa. Wewe washa jiko la pili.

PROFESA: Siwashi.

FUNDI: Nini? Unakatika.

PROFESA: Sikatiki. Nimesema siwashi.

FUNDI: Profesa, ni siku moja.

PROFESA: Hata alipokuja shangazi ilikuwa siku moja.

FUNDI: Usianze.

PROFESA: Tuliwasindikiza wageni hadi kona, basi. Tuliporudi tukamkuta Mama—

FUNDI: Najua tulivyomkuta.

PROFESA: Amekaa sakafuni, sufuria ya nyama mapajani, pumzi haipandi haishuki, na mkono bado uko ndani ya sufuria.

FUNDI: Nimesema najua.

PROFESA: Na pale wodini nani alisema, "Mama, nyama haitaingia tena mlango wetu mpaka daktari aseme. Wala hutakula chakula cha mgonjwa peke yako, tutakula wote"? Si mimi. Mimi nilikuwa nalia tu.

FUNDI: Miaka tisa, Profesa. Miaka tisa nalala chali chini ya magari ya watu, oili inanidondokea machoni. Kazi hii ndiyo dawa za Mama. Unafikiri dawa zinapikwa na tangawizi?

PROFESA: Sijasema hivyo.

FUNDI: Basi niache nifanye—

PROFESA: Miguu yake imeshuka uvimbe. Jana amekwenda bombani mwenyewe na ndoo ndogo, nikajificha nyuma ya mlango asione huruma usoni mwangu. Miezi minne tu. Amebakiza wiki sita aonane na daktari. Unajua harufu ya nyama inavyomfanya. Hawezi kujizuia, Kaka. Anajua hawezi... Ngoja.

FUNDI: Nini tena?

PROFESA: Kuna mtu anaingilia. Anampigia mzee. Imeandikwa "Fundi Sokoni".

FUNDI: Usipokee.

PROFESA: Sijapokea. Imekatika... Anapiga tena.

FUNDI: Unaona? Mwenzangu halali. Ameshajua mzee yuko kwangu, anamvuta. Na mimi nabishana na wewe kuhusu biringanya. Miezi minne nimekula mboga zako, umewahi kunisikia nalalamika?

PROFESA: Kaka.

FUNDI: Sema.

PROFESA: Mama ndiye anayefua ovaroli zako.

FUNDI: Hilo linahusu nini?

PROFESA: Ana pua yule mama. Grisi anaijua. Moshi wa nyama ya kuchoma anaujua pia.

FUNDI: (mlio wa msumeno wa mifupa) Alisema nini?

PROFESA: Hakusema. Aliongeza sabuni. Jioni akakaa, akala maharage yake, akakupakulia na wewe.

FUNDI: Tangu lini?

PROFESA: Mwezi wa kwanza ule ule.

FUNDI: Na wewe ukanyamaza.

PROFESA: Alinikataza. Alisema, "Mwache, kazi yake ngumu."

FUNDI: (kwa mtu wa pembeni) Usifunge kwanza, mzee wangu. Nakuja... Profesa, upo?

PROFESA: Nipo. Subiri, Mama ametoka chumbani.

FUNDI: Amemwona mgeni?

PROFESA: Wanasalimiana. (sauti za mbali) Anakuja huku... Ndiyo, Mama, ni Kaka... Sawa... Anasema ameshajua mgeni ni nani. Anasema nikwambie ulete nyama.

FUNDI: Umesikia sasa? Mwenyewe ameruhusu.

PROFESA: Anasema atajifungia chumbani hadi mzee aondoke. Ufunguo nikae nao mimi.

FUNDI: Basi kumbe tunagombana bure. Mzee wangu, funga hiyo—

PROFESA: Kaka, ameitoa sufuria kubwa. Ile.

FUNDI: Ameitoa wapi? Si niliificha?

PROFESA: Alikuwa anajua ilipo. Anaisugua.

FUNDI: Mwambie aiache, utasugua wewe.

PROFESA: Anaimba.

FUNDI: Anafanyaje?

PROFESA: Anaimba, taratibu tu. Ngoja nisogeze simu.

FUNDI: (wimbo wa mwanamke kwa mbali)

PROFESA: Umesikia?

FUNDI: Ni ule wimbo wake wa kupikia nyama.

PROFESA: Ndiyo.

FUNDI: Hajauimba tangu—

PROFESA: Ndiyo.

FUNDI: (mbali na simu) Mzee wangu, irudishe... Najua umeshaikata. Naomba unisamehe, mpe mteja mwingine... Hapana, haina tatizo, nyama yako nzuri. Nzuri mno... Profesa.

PROFESA: Naam, Kaka.

FUNDI: Mpakulie mgeni alichokikuta. Sahani ile ya maua. Na usimwombe radhi. Mwambie nyumba hii ndivyo tunavyokula, mama yetu ana ugonjwa wa moyo.

PROFESA: Nimwambie hivyo hivyo?

FUNDI: Hivyo hivyo. Nenda, nasubiri.

PROFESA: Usikate. (hatua, kifuniko, sauti ya mwanaume, kicheko kifupi)

FUNDI: Haloo?... Profesa?... Haloo?

PROFESA: Nimerudi.

FUNDI: Anakula?

PROFESA: Ameonja kijiko kimoja. Amesema asante, mkono wangu mzuri. Halafu amekutaja wewe.

FUNDI: Amesemaje?

PROFESA: Amecheka. Amesema, "Kumbe fundi wa breki amezifunga mpaka mezani." Amesema sokoni wanamngoja.

FUNDI: Amesimama?

PROFESA: Anavaa viatu. Nimwombe akae? Nitamwambia uko njiani, nitamwekea chai, nitamwonyesha vyeti vyako, Kaka, naweza—

FUNDI: Kutoka hapa ni nusu saa. Mtu akishavaa viatu hakai.

PROFESA: Ni mimi nimekuponza. Nisamehe.

FUNDI: Usiniombe msamaha. Mdomo ulioahidi ni wangu.

PROFESA: Ananyoosha mkono, anataka simu yake.

FUNDI: Mpe. Mshukuru, umsindikize mpaka barabarani, utembee naye vizuri kama mgeni wa heri.

PROFESA: Na Mama nimwambie nini? Bado anasugua.

FUNDI: Mwambie nakuja kula.

PROFESA: Jioni?

FUNDI: Sasa hivi.

PROFESA: Na gari la watu uliloling'oa magurudumu?

FUNDI: Litakaa juu ya jeki. Nakuja. Sijala.

PROFESA: Hujala kabisa?

FUNDI: Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mwambie hivyo, maneno hayo hayo.

PROFESA: Nitamwambia. Haya, Kaka, mzee yuko mlangoni, kwaheri—

FUNDI: Ningojeni tule sote, wewe na yeye, msianze bila— haloo?